Mkate Mdogo wa Futari: Kutoka Mofa Hadi Pizza



Ukiingia mwezi mtukufu wa Ramadhani, katika nyumba nyingi za Waislamu hapa Kwale huzuka mjadala jikoni. Ni hivyo Diani na Msambweni, na ni hivyo huku kwetu Samburu, mji wa stesheni kwenye barabara kuu ya Mombasa. (Tusemapo Samburu hapa hatusemi ile kaunti ya kaskazini, tafadhali.) Vijana wanataka pizza ndogo ndogo, zile za kushika kwa mkono mmoja baada ya tende na maji. Bibi naye, akiwa mkekani anachambua mtsunga, aguna: "Hivyo ni vyakula vya Kizungu. Sisi twafuturu kwa chakula chetu." Kijana ajibu: "Bibi, dunia imebadilika." Basi, kila mmoja ashika lake mpaka adhana ya Magharibi.

Makala haya hayakuja kumpa ushindi bibi wala mjukuu. Yataka kuuliza swali la historia tu: hicho "chakula chetu" ni kipi, na kilitufikia vipi? Tukilifuatilia swali hilo vizuri tutaona jambo. Unga wa ngano, ndio unaotengenezewa chapati, mahamri, sambusa na hiyo pizza, umekuwa ni chakula cha mgeni na cha mwenye nafasi tangu zama za Mtume (S.A.W.). Kwa hivyo suala kubwa si kama pizza ni yetu au si yetu. Suala ni nani anakula, na nani anasikia harufu tu.

MKATE WA MADINA

Tuanzie mbali kidogo, kwa kuwa sisi Waislamu tuna historia ya mkate iliyohifadhiwa kuliko umma mwingi.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba watu wa nyumba ya Mtume (S.A.W.), tangu walipofika Madina mpaka alipofariki, hawakushiba mkate wa ngano kwa siku tatu mfululizo. Fikiria hapo, ndugu yangu. Si ati hawakushiba pilau wala biriani. Mkate! Mkate wao wa kawaida ulikuwa wa shayiri. Na Sahaba Sahl bin Saad (R.A.) alipoulizwa kuhusu mkate mweupe wa unga uliochekechwa, alieleza kuwa Mtume (S.A.W.) hakuuona. Hawakuwa na chekeche. Shayiri ikishasagwa waliipuliza, makapi yaliyoruka yakaruka, na yaliyobaki wakayakanda na maji wakala.

Thamani ya ngano yaonekana pia katika zakatul-fitri. Abu Said al-Khudri (R.A.) ameeleza kuwa zama za Mtume (S.A.W.) walitoa kipimo cha saa moja cha chakula, nacho kilikuwa shayiri, tende, zabibu au maziwa yaliyogandishwa yakakaushwa, yaani namna ya jibini. Baadaye alipokuja Muawiya (R.A.) Madina, na ngano ya Sham ikawa imeanza kuingia, akaona kuwa mudd mbili za ngano hiyo ni sawa na saa nzima ya tende. Saa moja ni mudd nne. Maana yake, ngano ilihesabiwa kuwa na thamani maradufu. Abu Said mwenyewe hakufuata rai hiyo, aliendelea kutoa saa nzima kama alivyozoea, na madhehebu yetu ya Shafii nayo yameshika saa nzima.

Wazee wetu wa Pwani walikuwa na vipimo vya namna hiyo hiyo: vibaba vinne hufanya pishi moja. Ndiyo maana mpaka leo mzee akikwambia "toa pishi yako ya fitri" anajua anachosema.

PWANI YETU KABLA YA NGANO

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1331 alipita hapa msafiri mashuhuri wa Kiislamu, Ibn Battuta wa Morocco. Alifika Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akaendelea Kilwa. Kuhusu watu wa Mombasa alieleza kuwa ni Mashafii, watu wa dini, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa vizuri. Kuhusu chakula alieleza kuwa kisiwani hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka pwani ya Sawahil, na chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Hakutaja chapati wala mahamri.

Nafaka za asili za pwani na bara yake zilikuwa mtama, uwele na wimbi. Na kwa mtama huo wazee wetu walifanya jambo ambalo vijana wengi leo hawalijui. Walioka mofa. Mofa ni mkate mdogo wa duara, mnene kidogo, wa unga wa mtama, unaookwa ndani ya tanuri la udongo. Neno tanuri limetoka katika Kiarabu, na limo ndani ya Qur'ani Tukufu katika kisa cha Nabii Nuh (A.S.), Surat Hud aya ya 40. Mofa hujulikana Mombasa na Lamu, na ng'ambo Yemen na kwa Wasomali pia wana mikate ya jamaa hiyo.

Sasa tazama vizuri: mkate mdogo, wa duara, wa kuoka, unaoliwa na kitoweo. Bibi akiona pizza ndogo asema ni ya Kizungu. Lakini umbo lile ni la mofa, na mofa ilikuwapo pwani kabla hotel ya kwanza ya kitalii haijajengwa Diani.

Na vipi kuhusu sima, ambayo sote twaiita chakula cha asili? Mahindi asili yake ni Amerika. Yaliletwa Afrika baada ya Wareno kuanza kuzunguka bahari hizi mwishoni mwa karne ya 15, pamoja na muhogo. Nyanya na pilipili pia zimetoka huko huko. Hata jina "mahindi" lakiri ugeni wake, kwa kuwa wazee waliona ni kitu cha ng'ambo wakakinasibisha na Hindi. Leo nani atakayethubutu kumwambia Mduruma au Mdigo kuwa wari si chakula chake? Chakula huwa chetu kwa kukipika, kukila pamoja na kukirithisha watoto.

MAGUNIA YA RELI

Njia kubwa iliyoufikisha unga wa ngano huku juu ilikuwa reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na ukafika Kisumu mwaka 1901. Kutoka Mazeras na Mariakani njia ilipanda kupitia Maji ya Chumvi na Samburu, ikaingia Nyika ya Taru, pahali pakavu ambapo maji ya wafanyakazi yalilazimika kuletwa kwa treni. Waingereza walileta vibarua takriban 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi, na miongoni mwao Waislamu walikuwa wengi. Takriban 2,500 walifariki kazini. Watu hao walizoea unga wa ngano, mchele, dengu na samli. Chapati ilipanda na njia ya reli, kambi kwa kambi, na baadaye duka kwa duka.

Lakini miaka hiyo hiyo ilikuwa miaka ya msiba. Mvua zilikatika, na kuanzia 1898 njaa kubwa ilishika sehemu nyingi za nchi ambayo leo ni Kenya. Wamijikenda waliipa njaa hiyo jina la Magunia. Jina lenyewe latosha. Ni njaa iliyokumbukwa kwa magunia ya chakula kilichotoka mbali. Kwa hivyo katika bara yetu gunia la nafaka ya mgeni lina kumbukumbu mbili ndani yake: neema ya aliyelipata, na uchungu wa aliyelisubiri.

Baada ya reli kukamilika, walowezi walianza kulima ngano nyanda za juu. Lord Delamere aliijaribu Njoro, akapata hasara kubwa kwa maradhi ya kutu ya ngano, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga, Unga Limited. Polepole unga mweupe ukawa bidhaa ya dukani. Kwa familia nyingi za bara ya Kwale, chapati ilibaki ni chakula cha Idi, cha harusi na cha mgeni. Waulize wazee wako, watakwambia: kunusa chapati ilikuwa ni kujua kuna jambo nyumbani.

Katika miongo hiyo hiyo, karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, Uislamu ulikuwa unaenea kwa Wadigo, na kwa Waduruma pia, kupitia biashara, ndoa na walimu wa vyuo. Pamoja na dini zikaja desturi za meza ya futari: sambusa, kaimati, tambi, mkate wa kumimina. Vitu hivi navyo ni wasafiri. Sambusa imo katika vitabu vya mapishi vya Baghdad vya karne ya 10 na ya 13. Kaimati ni ndugu wa luqaimat ya Waarabu, jina linalotokana na tonge. Hata "mkate wa mayai" wa Mombasa, ule unga uliosukumwa mwembamba ukajazwa nyama kima na yai kisha ukakunjwa, ni jamaa wa mutabbaq ya Yemen. Neno hilo lina mzizi mmoja na "tabaka" letu la Kiswahili. Na kule Forodhani, Unguja, chakula cha namna hiyo hiyo wanakiuza kwa jina la "Zanzibar pizza". Jina jipya, mkunjo wa zamani.

PIZZA YENYEWE ILITOKA WAPI?

Pizza ya nyanya ni chakula cha mji wa Napoli, Italia. Nyanya ilifika Italia katika karne ya 16 kutoka Amerika, na mwanzoni watu waliiogopa. Kufikia karne ya 18 na ya 19, mkate bapa wenye nyanya na mafuta ulikuwa ndio chakula cha maskini wa Napoli, kikiuzwa barabarani kwa vipande. Kuna kisa maarufu cha mwaka 1889 cha mpishi Raffaele Esposito kumpikia Malkia Margherita pizza, ingawa wanahistoria wana maneno juu yake. Jambo lisilo na shaka ni kuwa wahamiaji wa Kiitaliano ndio walioipeleka Marekani, na kutoka huko ikaenea duniani.

Na lile jani linalonukia juu ya pizza ya Kiitaliano mwalijua? Ni jamaa wa mrehani wetu, huu huu ambao mama zetu huutia kwenye kikuba pamoja na asumini! Wao walila, sisi twalivaa.

Pwani ya Kenya, Waitaliano walikuja kwa wingi upande wa Malindi. Mradi wao wa anga wa San Marco uliojengwa baharini katika Ghuba ya Ungwana ulirusha setilaiti yake ya kwanza kutoka hapo mwaka 1967, na baada ya mradi utalii wa Kiitaliano ukakua. Kusini, hoteli za Diani ziliongezeka hasa kuanzia miaka ya 1970. Vijana wa Kwale, wakiwemo waliotoka Kinango na huku Samburu, waliajiriwa jikoni. Waliosha sahani, wakakata vitunguu, wakatazama, wakajifunza. Wakirudi nyumbani likizo walikuja na mapishi kichwani.

Basi ona kinyume kilivyo. Kilichokuwa chakula cha fukara Napoli kilitua Diani kikiwa chakula cha tajiri. Ndiyo maana bibi akisikia "pizza" asikia "hoteli". Si kosa lake. Historia ilikipitisha kwenye mlango huo.

SUALA LA JIBINI NA NYAMA

Kabla hatujaingia jikoni kuna la dini. Imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliletewa jibini huko Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, akaitisha kisu, akapiga bismillahi, akakata. Kwa hivyo jibini kama jibini haina tatizo. Wanazuoni wamejadili kimeng'enyo kinachogandishia maziwa, ambacho mara nyingine hutolewa tumboni mwa ndama. Kwa Mashafii, sharti ni kuwa mnyama awe amechinjwa kisheria. Siku hizi jibini nyingi hugandishwa kwa vitu visivyo vya mnyama. Kazi yako ni ndogo: soma karatasi, tafuta alama ya halali, na ukiwa na shaka iache. Nyama nayo nunua kwa mchinjaji unayemjua.

TUZIPIKE NYUMBANI

Sasa kina mama, kina dada, na nyinyi vijana wa kiume pia (Mtume S.A.W. alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake), hamhitaji oveni. Kiasi hiki chatoa pizza ndogo 12.

Chukua vikombe 3 vya unga wa ngano, hamira kijiko 1 cha chai, sukari kijiko 1 cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko 2 vya kulia, na maji vuguvugu kama kikombe 1. Kanda mpaka unga ulainike usishike mkono. Funika, uache saa moja uumuke. Ukikanda baada ya Alasiri, utakuwa tayari kabla ya Magharibi.

Rojo: kaanga kitunguu 1 na thomu kidogo, tia nyanya 4 zilizokatwa, chumvi na pilipili manga. Acha likauke liwe zito. Rojo la maji hulowesha mkate. Kando pika nyama kima robo kilo na hoho. Huna nyama? Mabaki ya kuku au samaki wa daku yafaa.

Gawa unga madonge 12. Sukuma kila donge liwe na upana wa kisahani cha kikombe na unene wa nusu kidole. Weka kwenye chuma cha chapati, moto mdogo, mpaka upande wa chini upate madoa. Geuza. Juu ya upande ulioiva paka rojo, tia nyama, kisha jibini iliyokwaruzwa. Jibini ikiwa ghali, tia kijiko cha yai lililopigwa, kama katika mkate wa mayai. Funika kwa mfuniko wa bati na upalie makaa juu kama unavyopalia mkate wa kumimina. Dakika tano hadi saba, mpaka jibini iyeyuke au yai ligande, toa.

Umeona? Moto wa juu na chini, ndiyo hekima ile ile ya tanuri la mofa. Na mwenye kutaka ajaribu kuchanganya kikombe kimoja cha unga wa mtama na viwili vya ngano. Mkate utakuwa mzito kidogo, lakini utanukia historia.

NANI ANAKULA?

Turudi kwenye lile swali tulilosema ndilo kubwa.

Samburu ni nchi kavu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo katika Pembe ya Afrika, na bara ya Kwale ilikuwa miongoni mwa sehemu za Kenya zilizoumia. Ng'ombe walikufa, mashamba ya mahindi yakakauka yakiwa kimo cha goti. Na kabla ukame kwisha, Februari 2022 vita vya Urusi na Ukraine vikaanza. Kenya huagiza ng'ambo sehemu kubwa ya ngano yake, na nyingi ilikuwa ikitoka katika nchi hizo mbili. Bei ya unga ikapanda. Ramadhani ya mwaka huo iliingia mwanzoni mwa Aprili. Ziko nyumba zilizofuturu kwa uji mtupu huku jirani anakaanga.

Jambo hilo si geni katika historia tuliyoisoma. Ngano ilihesabiwa maradufu Madina. Gunia lilikuwa jina la njaa kwa babu zetu. Kila mara unga mweupe ulipofika, ulifika kwa baadhi kwanza. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) apikapo mchuzi azidishe maji ili awaangalie majirani, na akabashiri kuwa mwenye kumfuturisha aliyefunga hupata mfano wa thawabu zake bila ya yule kupungukiwa kitu.

Basi hapa pizza ndogo ina faida ambayo kubwa haina: huhesabika. Kumi na mbili ni kumi na mbili. Jumuiya yetu ya vijana yapendekeza kanuni nyepesi. Katika kila 12, nne zitoke nje ya mlango kabla ya adhana, zikiwa moto, zimefunikwa, na apelekewe yule asiyeomba. Usimpelekee zilizobaki. Mpelekee za kwanza. Na mtoto ndiye atumwe, ili ajue njia ya nyumba ile.

Na pishi ya fitri tusisahau. Itolewe katika chakula kikuu cha watu wa mji, na kwetu huku ni mahindi. Itoke kabla ya Swala ya Idi, ili asubuhi hiyo kusiwe na jiko baridi.

Kwa bibi twasema: mpe mjukuu nafasi apike, na umfundishe kupalia makaa, kwa kuwa wewe wajua na yeye hajui. Kwa mjukuu twasema: muulize bibi kuhusu mofa kabla hajaondoka na elimu yake, na umkatie pizza ya kwanza umlishe kwa mkono wako. Huenda akaguna. Lakini atakula.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, azibariki riziki zetu, ateremshe mvua ya kheri katika nchi yetu, na asitujaalie kuwa miongoni mwa wanaoshiba na majirani zao wana njaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.